Beseni la Mbolea Isiyoyeyuka

Ugonjwa ulioua karanga zetu niliubeba mimi mwenyewe, ndani ya beseni, huku nikipiga mluzi. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwenye kosa. Watu wengine husema ugonjwa wao uliletwa na mvua, au na mbegu mbaya, au na jirani mwenye kijicho. Wetu niliutoa upande mmoja wa shamba, ulikokuwa umejituliza bila haraka yoyote, nikautembeza hatua zisizofika ishirini, nikaumwaga kwenye mashina ya upande wa pili yaliyokuwa mazima kabisa. Shina kwa shina, konzi kwa konzi. Kisha nikanawa mikono na kumngojea mke wangu aje aone jinsi mume wake alivyo na akili.

Nieleze kwanza mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo kosa lenyewe halitaeleweka. Mimi si mtu wa kutoka. Wapo watu hapa Rumonge ambao asubuhi wameshafika sokoni, mchana wako ufukweni kuulizia ndagala, dagaa wa ziwa letu, jioni wako kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nawaheshimu sana. Hupita mbele ya nyumba yangu nikawasalimu. Mimi natengeneza taa za wavuvi, zile za betri wanazowasha ziwani ili ndagala wapande juu, na uzuri wa kazi hiyo ni kwamba taa ikifa, mwenyewe huniletea. Nimeshika taa zilizotoka Gitaza, nimeshika taa zilizotoka Kabonga karibu na mpaka wa Tanzania. Taa hizo zimeona barabara nyingi kuliko mimi. Nina kiti cha mbao chenye mto, meza, chuma cha kulehemu, na kioo cha kukuzia nilichokifunga kwa waya ili kininginie mbele ya jicho. Mke wangu husema siku nitakayokufa nitaomba nizikwe uani, nisije nikachoka njiani.

Shamba letu la karanga lilianzia pale kivuli cha kiti changu kinapoishia. Ndiyo sababu lilikuwa la karanga. Mke wangu alizipenda, mimi nilipenda kuziona bila kusimama, na kila msimu tulizipanda palepale, mwaka hadi mwaka. Sitasema sikujua. Nilisoma sekondari kambini Tanzania, wakati wa ukimbizi, na somo la kubadilisha mazao shambani tulifundishwa. Katika mtihani nililijibu vizuri, hata mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya darasa. Lakini mtihani haukuuliza mtu afanye nini kama shamba lake la pili liko mbali na kiti.

Karanga zenyewe hazikuwa karanga za soko. Zilikuwa ndogo, ngozi nyekundu iliyoiva karibu na rangi ya damu, tamu hata mbichi. Mama mkwe wangu alizilima miaka yote ya ukimbizi, na siku ya kurudi Burundi, walipoambiwa mbele ya lori wapunguze mizigo, aliacha sufuria mbili na godoro. Karanga hakuziacha. Alikuwa amezifunga kwenye pindo la kitenge. Alipofariki, mbegu ikabaki kwa binti yake, mke wangu, naye kila mavuno alichagua zilizo nzuri kuliko zote, akazihifadhi ndani ya kibuyu pamoja na majivu. Karanga haivumilii kibuyu muda mrefu. Ukiruka msimu mmoja au miwili, umepanda maiti. Kwa hiyo kila mwaka zilipaswa kurudi udongoni ili ziendelee kuwepo, na kila mwaka mke wangu aliacha kiasi kidogo kibuyuni, kwa ajili ya lolote litakalotokea.

Mwaka huo mimi ndiye niliyemshawishi apande zote.

"Akiba ya nini?" nilimwambia. "Shamba liko mlangoni. Nitalilinda kwa macho yangu mwenyewe."

Akatikisa kibuyu, akamimina hata ya mwisho.

Sasa niingize mtu mmoja na kitu kimoja zaidi: jirani yetu, na makapi ya mawese. Jirani ni mama mjane aliyevuka ziwa zamani kutoka upande wa Kivu ya Kusini, Kongo, na Kiswahili chake cha huko, anafanya kazi kwenye mashine ya kukamua mawese chini ya barabara, na ana mdomo ambao Mungu aliuumba siku alipokuwa na haraka. Msimu huo alitupatia magunia mawili ya makapi, yale manyuzi yanayobaki baada ya chikichi kukamuliwa, kwa kuwa ni mbolea nzuri. Aliyaweka chini akanionyesha kidole.

"Papa fundi, sikiliza. Hii uiache kwanza ioze kule nyuma ya jikoni. Ikigeuka nyeusi, ikikosa harufu, njo uweke mu shamba. Na usiisogeze ku shina."

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli. Tatizo ni kwamba nyuma ya jikoni ni nyuma ya jikoni, na magunia yalikuwa yameshatua hapa mbele. Nikayamwaga mabichi, yakinuka mafuta, nikazifunika karanga hadi shingoni kama mtu anavyomfunika mtoto mwenye homa. Na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na bidii isiyo ya kawaida, nikavuta na udongo juu yake nikalundika kwenye kila shina. Lilipendeza kulitazama.

Karanga zikakua. Zikaanza kutoa maua. Halafu mashina machache ya upande wa kushoto, ule ulio karibu na kiti, yakaanza kulegea saa sita mchana. Jioni yanaamka. Kesho yake mchana yanalegea tena. Nikasema ni jua. Mimi mwenyewe hulegea saa sita mchana na jioni nikaamka, na hakuna aliyewahi kuniita mgonjwa. Nikaziongezea maji. Tawi moja likawa njano, kisha kahawia, kisha likalala. Siku nilipoinama, jambo ambalo silifanyi ovyo, nikaona pale shina linapoingia udongoni kuna nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa, zimelikumbatia shina na kutambaa juu ya makapi. Nikasema buibui.

Ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi yake nikaona kitu kipya. Kuzunguka yale mashina yaliyolala kulikuwa na vipunje vidogo vya duara, vya kahawia, laini, vinang'aa kidogo, kama ulezi uliomwagika. Juu yetu, mteremkoni, kuna shamba la mahindi la mtu mwingine, na wiki hiyo alikuwa ametia mbolea ya dukani, ile ya punjepunje. Akili yangu ikafanya kazi kwa kasi ambayo bado inanitia aibu. Mvua imeshuka kutoka kwake. Mbolea imeshuka na mvua. Mbolea imetua kwangu.

Nataka ieleweke kwamba nilifanya uchunguzi. Nilikwenda kuchukua kioo changu cha kukuzia, nikapiga magoti, nikaangalia kwa jicho lilelile linalotambua waya uliokatika ndani ya taa. Niliona vipunje ni vya duara. Mbolea ni ya duara. Niliona ni vya kahawia. Mbolea ile ilikuwa ya kahawia. Uchunguzi ukaishia hapo. Kilichonisumbua kidogo kilikuwa dhamiri, maana mbolea ni ya mtu, lakini nikaamua kwamba mvua ni ya Mungu na inacholeta ni zawadi. Nikachukua beseni la kufulia, nikazoa vipunje pamoja na udongo wake, nikavigawa upande wa kulia ambao, maskini, ulionekana haukupata kitu.

Mke wangu aliporudi sokoni alinikuta nanawa.

"Ulitoka kwenye kiti?" akauliza.

"Nilitoka."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nimegawa mbolea."

Akaweka kikapu chini akaguswa kabisa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: siku ile alinipikia ndagala wabichi.

Hazikupita wiki mbili. Upande wa kulia ukaanza kulegea mchana na kuamka jioni, kisha ukaacha kuamka. Mke wangu alipiga magoti kati ya mistari, akang'oa shina moja. Lilikatika mkononi bila kupinga, shingo yake imelainika na kuoza, na maganda machache yaliyokuwa yameanza kujaa yalibaki udongoni yakiwa yamevikwa ile pamba nyeupe. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Tulipanda zote," alisema.

"Ndiyo."

"Kibuyu ni kitupu."

"Ndiyo."

"Ulisema utalilinda kwa macho."

"Nililiangalia kila siku."

"Najua," akasema. "Nilikuona ukiangalia."

Akaenda uani, akarudi na kibuyu, akakiweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya betri na taa. Kikakaa hapo.

Jirani alikuja siku hiyohiyo kudai magunia yake. Akasimama mpakani mwa shamba, akaona mashina yaliyolala, akaona makapi yake yamelundikwa hadi shingoni, akafumba macho kama mtu anayeomba uvumilivu. Kisha akaokota kipunje kimoja, akakiviringisha kati ya vidole.

"Papa fundi, hii njo nini?"

"Mbolea. Imeshuka na mvua kutoka kwenye mahindi."

"Na hii iko kule upande wa pili?"

"Hiyo niliibeba mimi."

"Uliibeba na nini?"

"Na beseni."

Akamgeukia mke wangu. "Mama, lete vikombe viwili vya maji." Mwenyewe akapanda mteremkoni kwa mwenye mahindi, akarudi na punje chache za mbolea ya kweli kwenye kiganja. Akazitia katika kikombe cha kwanza, akatia vipunje vyangu katika cha pili, akavuta kiti changu akakikalia. Mimi nikasimama. Tukangoja. Katika kikombe cha kwanza maji yakachafuka, punje zikapukutika na kugeuka matope. Katika cha pili maji yalibaki safi, na vipunje vikakaa chini, vizima, vimejipanga.

"Mbolea inayeyukaka," alisema jirani. "Hii inakuangalia tu."

Akakitoa kimoja, akakikata kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe.

"Iko hai," akasema. "Ni mbegu ya ile pamba. Papa fundi ulipanda ugonjwa kwa mistari, tena ulipanda muzuri kuliko unavyopandaka karanga."

Mke wangu alicheka. Alicheka huku akilia kidogo, akajifuta kwa pindo la kitenge. Jirani hakucheka. Alisema hata kwenye michikichi kuna ugonjwa wa udongoni: majani ya chini yanakauka, yanavunjika na kulala kwenye shina, na dawa yao ni kukata, kuchoma, na kutorudisha mchikichi katika shimo lile. Lakini wa karanga yeye haujui. "Muite agoronome," alisema, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshaanza kueleza jinsi nilivyo na taa nyingi za kutengeneza, mke wangu alikuwa amekwisha kujifunga kitenge na kutoka.

Agoronome wetu ni madamu mtu mzima, mnene kiasi, ambaye kazi yake ni kuwashauri wakulima, na ana pikipiki ambayo siku hizo haikuwa na petroli. Alikuja kwa miguu kesho yake, amejaa vumbi, akaangalia shamba kwa muda mfupi sana. Nadhani muda ule ulikuwa mfupi kwa heshima.

"Ni kuvu," alisema. "Ukungu unaokaa udongoni. Unaozesha shina na mizizi. Hivi vipunje ndivyo unavyojificha, vinaweza kulala ardhini miaka kadhaa vikingoja karanga irudi. Mmepanda nini hapa msimu uliopita?"

"Karanga," mke wangu akasema.

"Na kabla?"

"Karanga."

"Na kabla ya hapo?"

Mke wangu akanitazama ili nijibu mimi.

"Karanga, madamu," nikasema.

"Na nani aliyelundika makapi mabichi hadi shingoni?"

Nikatafuta la kutazama, nikapata kibuyu.

"Huu ukungu unapenda kitu kibichi kinachooza juu ya ardhi, na unapenda shina lililofukiwa," alisema. "Kama ni mgeni, mzee, ulimpikia na ukamtandikia kitanda."

Nikamuuliza kama hakuna dawa. Akasema ipo ya kupaka mbegu kabla ya kupanda, na inasaidia kiasi, lakini kwa shamba lililokwisha kuugua namna hii dawa yenyewe ni moja. "Mtahama," akasema.

Nikashika kiti changu. "Tuhame?"

"Karanga, mzee. Karanga zihame."

Jirani, aliyekuja kusikiliza bila kualikwa, alipiga mapaja kwa vicheko. "Mumuone! Aliwaza ni yeye!"

Lakini zihame na mbegu gani? Hilo mke wangu ndiye aliyeliuliza, kwa sauti ndogo. Madamu agoronome akaingia shambani, akapita kwa uangalifu hadi mwisho, karibu na ukuta wa jikoni. Kule mistari mitatu ilikuwa bado imesimama, kijani kibichi, mchana kweupe. Ilipona kwa sababu moja tu. Beseni lilikuwa limeisha kabla sijaifikia, na nilichoka kulijaza tena. Nimewahi kusifiwa kwa mambo niliyofanya, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kunipongeza kwa nilipochokea.

Mbegu ya mama mkwe, yote iliyobaki duniani kwa tunavyojua sisi, ilikuwa kwenye mistari ile mitatu, na kuvu lilikuwa hatua nne kutoka pale.

Tukaanza kazi saa ileile. Mashina yote yaliyougua tuliyang'oa pamoja na mizizi na udongo ulioshikamana nayo, tukayatia kwenye magunia bila kuyaburuta. Tukakusanya makapi yote, tukachoma vyote kwenye shimo mbali na shamba. Makapi yale yalikuwa bado na mafuta, yaliwaka vizuri mno, moshi mweusi ukaenda hadi barabarani, watu wakauliza kama nyumba inaungua. Jirani aliwajibu kwamba kinachoungua ni akili za fundi. Sehemu ile iliyougua tuliilima kwa kina, tukigeuza udongo wa juu uende chini kabisa, kwa kuwa madamu alisema vipunje vikizikwa sana havifurukuti. Na kwenye mistari mitatu tuliondoa kila kilichofunika shina, tukaacha shingo zipate hewa.

Mke wangu akatunga sheria. Aliyegusa upande mgonjwa haingii upande mzima siku hiyo. Jembe likitoka kushoto lioshwe hadi chuma kionekane. Malapa ya kushoto yasionekane kulia. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa beseni, nilipigwa marufuku kabisa kuikaribia mistari mitatu, hata kwa kuiangalia kwa karibu. Alichora mstari wa majivu chini. Nikakaa kwenye kiti changu nyuma ya mstari, na kila alipopita na mtungi wa maji alinisalimia, "Amahoro, karantini." Hata wateja waliniita hivyo. Mmoja aliyeleta taa aliisukuma hadi kwenye mstari kwa mti, akasema yeye ana mihogo nyumbani, hataki matatizo.

Kibuyu kilikuwa bado juu ya meza. Nilifanya kazi nikikizunguka. Usiku sikuota chochote cha maana, lakini asubuhi kitu cha kwanza nilichokifanya kabla ya kuosha uso kilikuwa kusimama kwenye majivu na kunyoosha shingo. Shina moja la mstari wa mwanzo likalegea. Mke wangu akaling'oa siku hiyohiyo pamoja na mawili yaliyo kando yake, mazima, bila kuyaonea huruma. Likalegea jingine. Akang'oa tena. Halafu zikapita siku, zikapita siku nyingine, hakuna lililolegea. Sikumbuki kama niliwahi kungoja kitu kwa miguu namna ile.

Alivuna mwenyewe. Alianika maganda juani siku nyingi, akayabangua kwa mkono, akakaa mlangoni na ungo akichagua moja baada ya nyingine. Yenye doa ilitupwa motoni. Yenye mkunjo ilitupwa motoni. Nilinyoosha mkono nionje moja tu, akaupiga. Mwisho wa yote zilijaa konzi nane, kibuyu hakikufika nusu. Alizitia majivu, akakitikisa sikioni, akanirudishia mezani. Safari hii kilikuwa na sauti.

Ardhi ya kuzihamishia ilitoka kwa jirani. Ana kipande mlimani, juu ya mji, ambacho siku zote kililimwa mahindi na hakijawahi kuona karanga. Alitupatia kona yake bila maneno mengi, akatoa sharti moja, na akalitoa akinitazama mimi.

"Papa fundi apande kule na miguu yake. Nisisikie mama anaenda peke yake."

Ni mwendo wa saa moja kwa mtu wa kawaida. Kwangu ni saa moja na maelezo. Siku ya kwanza nilipumzika mara sita, na kila nilipopumzika nilimweleza mke wangu sababu nyingine. Nyumbani niliacha kipande cha katoni juu ya kiti: "Fundi yuko shambani." Mteja mmoja wa kutoka Gitaza alilisoma, akazunguka hadi kwa jirani, akauliza kwa sauti ya msiba, "Alikufa lini?"

Lakini nilikwenda. Mara mbili kwa wiki nilikwenda, msimu mzima. Malapa tuliyaosha kabla ya kuondoka, jembe likaoshwa, na hatukupeleka hata kiganja cha udongo wa nyumbani. Tulipanda kwa nafasi. Nilipalilia bila kulundika, jambo lililonipa shida kuliko mlima wenyewe, kwa maana mkono wangu ulikuwa umezoea kulundika na kila mara mke wangu aliniita, "Mzee, shingo!" nami nikafukua. Kioo changu cha kukuzia nilikibeba shingoni. Siku moja nikaona uzi mweupe kwenye shina. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilisikika ziwani. Mke wangu alitoka mwisho wa shamba mbio, kitenge mkononi, akapiga magoti, akauvuta uzi. Ukatoka mrefu, mrefu, mrefu.

"Hii kuvu," akasema, "imetoka kwenye gunia letu."

Tukakaa chini palepale tukacheka hadi tukashindwa kuendelea na kazi. Kule juu kuna upepo. Ziwa linaonekana lote, na milima ya Kongo ng'ambo kama imefuliwa na kuanikwa. Nimeishi hapa miaka mingi, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona paa la nyumba yangu kwa juu. Lina kutu. Nilitulia nikalitazama muda mrefu, nikajisikia vizuri bila sababu ya kuweza kuieleza.

Nyumbani tulipanda mahindi mahali pa karanga, kama madamu alivyoagiza, na kuvu halikuyagusa. Karanga haitarudi pale kwa misimu mingi, wala maharage, wala nyanya. Mahindi yalistawi hadi yakanifunika kwenye kiti. Sikuona barabara, barabara haikuniona, na nilipata mahindi ya kuchoma bila kusimama. Sina malalamiko.

Karanga za mlimani tulizivuna mvua zilipopungua. Nilizing'oa mimi, kwa ruhusa. Kila shina lilikuja na familia yake nzima, maganda yamejaa, shingo ngumu, mizizi safi. Mke wangu aliokota ganda la kwanza, akalipasua, akaona ile ngozi nyekundu, akalifunga kwenye pindo la kitenge chake, kisha akaendelea na kazi. Kibuyu kilijaa hadi shingoni. Sehemu nyingine aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akampelekea jirani alihifadhi kwake, na hakuniuliza maoni yangu kuhusu akiba.

Kwetu, aliyekupa udongo huonja kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo chungu cha kwanza, karanga zimechemshwa na maganda yake na chumvi, tulikipeleka kwa jirani. Nilikibeba mimi. Tukakaa nje ya mlango wake. Akapasua moja, akatafuna polepole akiangalia mbali. Akapasua ya pili. Mke wangu alikuwa na uso ambao sijauona tangu mama yake alipokuwa hai. Nami nilijiweka sawa, kwa sababu nilihisi saa ya kusifiwa imefika: mlima nimeupanda, miguu imekonda, malapa yameisha. Nikaona nimsaidie jirani kuanza.

"Unaona, mama, zimepona kabisa."

Akatema ganda, akanitazama kuanzia malapa hadi kwenye kioo cha kukuzia.

"Zimepona juu ya kuhamishwa," alisema. "Na weye papa fundi bakuhamishe kila musimu, pengine siku moja utazaa kitu."